Sabuni ya kuchonga siyo lazima iwe kavu na ya zamani

Wengi wanaamini sabuni ya kuchonga vinyago inatakiwa iwe imekaa sana, kavu, eti ikiwa ngumu ndo haivunjiki. Hapana jamani, ni kinyume kabisa! Ikikaa wazi maji ya ndani yanapungua, inakuwa ngumu kweli ila inapasuka ovyo, unagusa tu sikio la sungura unayemchonga linakatika lote. Chukua mpya, ifungue ukiwa tayari kuanza, kisu cha mezani kinatosha, kwangua kidogokidogo, ukiona maganda yanajikunja iko poa, yakitoka unga unga ujue imeshakauka. Na maganda usitupe, yachanganye na maji kidogo yawe uji mzito, hapo unazibia nyufa ndogo vizuri tu.