Kisoma skrini kinapokawia, tatizo liko wapi?

Dhana: Sauti ikichelewa, mtambo wa sauti (sehemu inayogeuza maandishi kuwa sauti) ndio mzito.
Huenda ikawa hivyo, lakini mara nyingi sauti inakawia kwa sababu bado haijapewa la kusema. Kisoma skrini kinachomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, kama NVDA ya Windows au Orca ya Linux, ni programu inayojitegemea, na kwa kawaida mfumo endeshi hauruhusu programu moja kuchungulia kumbukumbu ya nyingine. Asiyeona akibonyeza kishale cha chini, kisoma skrini hukiuliza kivinjari: hapa pana nini? Ni kitufe au kiungo? Kinaitwaje? Kimewashwa? Kila swali huenda na kurudi.

Dhana: Ujumbe usiotoka nje ya kompyuta haugharimu muda.
Mmoja, kweli hausikiki. Ila piga hesabu: swali likila sehemu ya kumi ya milisekunde, maswali 10,000 ni sekunde nzima ya kimya, na jedwali refu hufikisha idadi hiyo bila shida. Kwenye Linux, ujumbe wa D-Bus (njia ambayo programu hutumia kuzungumza) kwa kawaida hupitia kwa mpatanishi, kwa hiyo swali lina hatua mbili na jibu lina mbili. Programu ikiwa imezama katika kazi nyingine, swali linakaa foleni. Anayetumia panya haoni lolote. Anayesikiliza anabaki hajui kama kompyuta imekwama.

Dhana: Dawa ni kununua mashine yenye nguvu.
Itasaidia kidogo. Dawa yenyewe ni kupunguza safari. Firefox 113, iliyotoka Mei 2023, ilibadilisha mpango mzima: taarifa za ukurasa sasa hutunzwa katika mchakato mkuu wa kivinjari (kivinjari hujigawa katika michakato, yaani sehemu zinazoendeshwa kila moja peke yake), na maswali hujibiwa papo hapo badala ya kuvuka kila mara hadi kwenye mchakato wenye ukurasa. Kompyuta ni ileile, ila kasi ikaonekana wazi. NVDA nayo huingiza kipande cha msimbo wake ndani ya kivinjari, kikusanye maandishi humohumo. UI Automation, njia ya Windows ya kuuliza programu kuhusu vilivyo kwenye skrini, huruhusu kuomba sifa nyingi kwa mkupuo, na programu isiyotumia nafasi hiyo inamwonea mtumiaji.

Dhana: Mtengeneza tovuti hahusiki.
Anahusika sana. Ukimwaga safu 5,000 kwa ukurasa mmoja, au ukiweka saa inayojitangaza kila sekunde, umeongeza ujumbe kwenye foleni ileile. Gawa jedwali kurasa kurasa, na utangaze lile tu ambalo mtu anahitaji kulisikia.