Tuta la Reli ya Zamani, na Maji Yanayolipanda

Mwaka 1986 Mto Missouri, katikati ya Marekani, ulifurika na kubomoa vipande vya reli ya kampuni ya Missouri-Kansas-Texas, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la Katy. Kampuni haikuona faida ya kuijenga upya, ikaacha kupitisha treni. Jimbo la Missouri likaichukua ile njia, kwa mchango mkubwa wa Edward na Pat Jones, likaigeuza kuwa njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Kipande cha kwanza kilifunguliwa katika mji wa Rocheport mwaka 1990. Miaka mitatu baadaye mto ukarudi: kipimo cha kimo cha maji katika mji wa Boonville kilipita mita 11, na sehemu kubwa ya njia ikalala chini ya maji.

Mimi ni mhandisi wa maji. Kazi yangu ni mitaro, makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya njia, na madaraja madogo. Naanza na Katy kwa sababu kila ninapokaa na watu wanaotaka kujenga njia kama hiyo, nasikia hoja moja: "Tuta hili limebeba treni karibu miaka mia, litashindwa baiskeli?" Uzito si tatizo kabisa. Tuta la reli huinuka na kushuka polepole mno, ndiyo maana hata mtoto anaweza kuendesha baiskeli juu yake siku nzima, na daraja lililobeba garimoshi halitasumbuliwa na familia inayotembea. Lakini reli ilikuwa na mafundi waliorudi baada ya kila mafuriko kujaza kokoto na kunyoosha mataruma. Hao mafundi wameondoka. Aliyebaki ni meneja wa hifadhi mwenye wafanyakazi wachache na bajeti ndogo. Kwa hiyo tuta lazima lisanifiwe upya, likubali kufunikwa na maji na kubaki mahali pake yakishuka.

Wengi hudhani maji huharibu tuta kwa kulifunika. Sivyo. Maji yakisimama pande zote mbili kwa kimo kimoja, tuta linaweza kukaa chini yake wiki nzima, likatoka na tope tu juu. Hatari ni pale upande mmoja maji yamefika ukingoni na upande wa pili bado pamekauka. Hapo tuta limekuwa bwawa. Maji yanapoanza kumwagika juu yake, yanashuka kwa kasi upande wa chini na kuchimba kwenye kitako cha mteremko. Shimo linapanda kurudi nyuma, linakula bega la njia, kisha njia yenyewe. Likishafika katikati, tuta linakatika, na maji yote yaliyokuwa yakisubiri yanapita kwenye pengo moja.

Ndiyo maana swali langu la kwanza ni hili: maji ya upande huu yatafikaje upande ule kabla hayajafika juu? Jibu ni makalavati, mengi na mapana, yaliyotawanywa tambarare nzima. Yale ya reli ya zamani mara nyingi yameziba udongo au yameoza kwa kutu, na mengine yamefunikwa na majani hata ramani haiyaonyeshi.

Njia moja niliyoshiriki kuisanifu zamani ilinifundisha hili kwa uchungu. Wenyeji waliomba tuinue kipande kilichokuwa kikilowa kila mwaka, nasi tukakiinua nusu mita. Hatukuongeza kalavati hata moja. Mafuriko yaliyofuata hayakupita juu ya kile kipande. Yalijikusanya nyuma yake, yakalazimika kupita mwishoni, palipoungana na tuta la zamani, na yakapabomoa kabisa. Shamba la jirani lilijaa kokoto zetu. Nilikwenda kumwona mwenye shamba, na sikuwa na la kujitetea.

Sasa hufanya kinyume. Mahali maji yanapopenda kupita, nashusha njia badala ya kuipandisha. Natengeneza drifti, kama zile za barabara za vijijini kwetu Tanzania: kipande kifupi cha zege, chenye ukuta wa zege ulioshuka chini ya ardhi pande zote mbili, na mawe makubwa upande wa chini yaliyolazwa juu ya kitambaa cha kuzuia udongo usichujike. Maji yanajua mlango wao. Sehemu nyingine, upande wa chini nalaza mteremko uwe mpole, mita moja ya kimo kwa mita nne za upana au zaidi, kisha napanda nyasi za asili zenye mizizi mirefu.

Ubishi mkubwa huwa juu ya sakafu ya njia. Katy imetandikwa mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na vumbi lake, yakashindiliwa mpaka yakashikana. Lami ni laini zaidi, na maji membamba hayaibebi kirahisi kama changarawe. Lakini udongo wa chini ukishachimbwa, lami inaning'inia, inavunjika mapande mapande, na yale mapande hayana kazi tena. Changarawe ikisombwa, unaleta lori, unamwaga, unashindilia. Kwenye bonde la mafuriko nachagua changarawe, ila penye drifti na karibu na madaraja, ambako naweka zege.

Madaraja nayo yana adui wawili: magogo, na maji yanayochimba miguu ya nguzo. Gogo moja likinasa kwenye nguzo linakamata la pili, na kabla ya alfajiri kuna ukuta mzima. Kingo za kushikilia kwenye daraja la chini nazo hukamata takataka, kwa hiyo napendelea zinazoweza kufunguliwa mto ukianza kupanda.

Kuna jambo la pekee la mito mikubwa iliyobanwa na majabali, kama Missouri pale Rocheport. Maji huja kutoka pande mbili. Mto hupanda taratibu, kwa siku kadhaa, na watu hupewa taarifa mapema. Vijito vinavyoshuka majabalini hujaa ndani ya saa moja mvua ikinyesha, bila kumwambia mtu. Mpango wa kufunga njia unaotazama kipimo cha mto peke yake haumlindi mwendesha baiskeli aliye karibu na kijito.

Maji yakishuka, watu huwa na haraka ya kufungua. Nawasihi wasubiri. Tuta lililolowa ni dhaifu, na lori la tani nyingi linaweza kulimega bega. Kagua kwanza kila kalavati kwa miguu, ukichoma ardhi kwa fimbo ya chuma pembeni yake, maana maji huweza kuwa yamepita nje ya bomba na kuacha shimo lililofunikwa na ganda jembamba la juu. Baada ya hapo kwangua tope lingali na unyevu, kabla halijakauka na kushikana na changarawe, na mwite mwenye shamba wa jirani akuonyeshe maji yalipoanza kuvukia.