Chemba ya oksijeni haizibui sikio, jamani

Wiki hii tena, mgonjwa ambaye sikio lake moja limeacha kusikia ghafla ananiomba chemba ya oksijeni, yaani chumba cha presha unamovutia oksijeni: "Dokta, niingize tu kwenye hiyo chemba, presha itanizibua sikio." Hakuna kinachozibuliwa humo! Kwa sikio ile presha ni kero tu, inapopanda usipomeza mate au kubana pua ukapuliza, ngoma ya sikio inauma na inaweza hata kupasuka. Tunachoitakia presha ni kingine kabisa: ukivuta oksijeni tupu kwenye atimosfea 2 hadi 2.5 (mara 2 hadi 2.5 ya presha ya kawaida ya hewa) inayeyuka kwenye maji ya damu yenyewe, haingoji kubebwa na seli nyekundu, inajipenyeza mpaka kwenye koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio, ambayo inakula oksijeni kwelikweli na inalishwa na mshipa mmoja mwembamba. Mtungi wa wodini hauwezi hilo hata ukiuvuta kutwa.

Sasa kinachoniudhi. Mtu anaamka sikio moja halisikii, linavuma, anahisi limeziba, basi famasi anapewa matone ya kulainisha uchafu, yakiisha antibayotiki, zikiisha anaambiwa ni mafua tu, mwezi unakatika ndipo anaanza kuulizia chemba. Ndugu yangu, dawa ya kwanza ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), kama prednisoloni, ianze ndani ya wiki mbili na siku za mwanzo ndio bora. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2019 unaiweka chemba kama nyongeza ya steroidi ndani ya hizo wiki mbili, au jaribio la kuokoa kilichobaki ndani ya mwezi. Sikio la mwaka juzi? Utamaliza hela bure.

Funga mdomo, guna "mmmm" (si kipimo kamili ila kinashinda kubahatisha famasi). Mlio ukienda kwenye sikio bovu, pengine kweli ni uchafu au maji. Ukikimbilia kwenye sikio zima, hapo shida iko ndani, kwenye koklea au neva, katafute odiogramu, kipimo cha usikivu, leo leo.

Halafu vitabu vinapita hapa mbiombio: wagonjwa wengi chanzo hakijulikani, na si wachache wanaopona wenyewe, kwa hiyo mtu akitoka chembani anasikia siwezi kuapa kwamba ni oksijeni. Hata ushahidi wa steroidi si wa kutembea kifua mbele. Steroidi nawaandikia wagonjwa hivyohivyo. Mwenye kisukari aseme mapema, zinapandisha sukari. Na hata ukipona, picha ya MRI ya kichwa ufanye, maana mara chache uvimbe kwenye neva ya sikio huanza hivihivi.