Sukari ya risasi: sumu yenye utamu

Risasi tunayoizungumzia hapa si ya bunduki. Ni metali laini, nzito, yenye rangi ya kijivu. Ikiungana na asidi iliyomo ndani ya siki hupatikana asetati ya risasi, ambayo tangu zamani huitwa sukari ya risasi. Kwa mwanakemia hii ni chumvi, kwa maana chumvi si ile ya chakula pekee. Fuwele zake ni nyeupe, hunukia siki kwa mbali, na ukizitia majini huyeyuka kabisa, maji yakabaki maangavu. Tena ni tamu.

Utamu huo ndio ulioponza watu. Warumi walichemsha maji ya zabibu ndani ya vyombo vya risasi ili wapate shira ya kutia kwenye mvinyo. Karne nyingi baadaye, miaka ya 1690, daktari Eberhard Gockel wa mji wa Ulm, Ujerumani, aliwatibu watawa walioshikwa na msokoto mkali wa tumbo. Akaona kwamba wasiokunywa mvinyo hawakuugua. Alipofuatilia, akakuta mvinyo uliochachuka ulikuwa ukitiwa oksidi ya risasi. Ile asidi ya uchachu ikaungana na risasi, ukali ukaisha, kinywaji kikawa kitamu. Mnywaji hakuwa na cha kumshtua: si rangi, si harufu, si ladha.

Kwa kuwa inayeyuka vizuri, chumvi hii huingia mwilini kwa urahisi kuliko kipande cha risasi yenyewe, na zaidi ya nusu ya uzito wa fuwele zake ni risasi tupu. Mwili huipokea risasi hiyo kana kwamba ni kalsiamu, madini yanayojenga mifupa. Ndiyo maana hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na hupenya hadi kwenye ubongo. Huvuruga pia utengenezaji wa himoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, damu ikapungua. Mtu mzima hulalamika tumbo kusokota, choo kigumu, kichwa, uchovu. Wengine hulegea viganja, au ufizi wao hupata mstari wa buluu iliyoiva karibu na meno. Mtoto hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi anayomeza kuliko mtu mzima, na huweza kupoteza uwezo wa kujifunza bila kuonyesha dalili yoyote. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana dawa za kuiondoa risasi mwilini zipo, lakini ubongo uliokwisha kudhurika haurudi ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Hata hivyo, sukari ya risasi bado ina kazi. Maabara hutumia karatasi iliyoloweshwa kwa chumvi hii kutambua ile gesi yenye harufu ya mayai viza: ikiguswa na gesi hiyo karatasi hugeuka nyeusi. Iliwahi kutiwa pia kwenye dawa za kufunika mvi, hadi Marekani ilipotangaza kufuta kibali chake mwaka 2018.

Maji yaliyoingia chumvi hii yasichemshwe kwa kudhani yatasafika. Mvuke huondoka, risasi hubaki na kukolea. Unga ukimwagika, usiufagie ukavu ukarusha vumbi. Vaa glavu, ufute kwa kitambaa kibichi, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto. Aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja, na chupa yake iende naye.