Mafuta ya Kerala hayarudishi kumbukumbu

Wapo wanaoamini kwamba Ayurveda, tiba ya jadi ya India, inaponya demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu, tena bila madhara kwa kuwa ni miti shamba. Si kweli. Katika shirodhara, inayofanywa sana Kerala, jimbo la kusini mwa India, mgonjwa hulazwa chali, mafuta ya uvuguvugu yakatiririshwa polepole kwenye paji la uso. Yanaweza kumtuliza mwenye wahaka, na hilo si dogo kwa anayemuuguza. Ila seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Mimi naogopa zaidi vidonge: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta madini ya risasi, zebaki au aseniki katika takriban dawa 1 kati ya 5 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni. Mpelekee daktari chupa zote za dawa hizo, hata ya brahmi, mmea unaosifiwa kwa kumbukumbu.