Chui, paka-dhahabu na waya wa breki

Ukitaja paka mwitu wa misitu ya Kongo, Gabon na Uganda, wengi humkumbuka chui peke yake. Yupo wa pili: paka-dhahabu, mkubwa mara mbili hivi ya paka wa nyumbani, mwenye manyoya ya wekundu au ya kijivu. Afrika nzima hakuna paka mwingine anayetegemea msitu kama yeye. Wawili hawa wanasemwa mengi, na sehemu kubwa ya hayo haina mashiko.

“Msitu ukiwa umesimama, paka wamo.”

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu hata wapenda mazingira huisema. Gabon, watafiti walitega kamera katika misitu inayotumiwa kwa namna tofauti wakakadiria idadi ya paka-dhahabu. Katika msitu usioguswa walipata takriban 16 kwa kila kilomita za mraba 100. Penye uvunaji wa magogo wa utaratibu, karibu 13. Penye uwindaji wa wanakijiji, hawakufika hata 4, na miti ilikuwa bado ipo! Shoka lina madhara yake, hasa kwa vile barabara ya magogo humfungulia mwindaji njia ya kuingia na nyama njia ya kutoka. Ila kinachowapunguza hasa ni uwindaji.

“Mitego ni ya swala, paka hawahusiki.”

Kitanzi hakichagui. Mwindaji huchukua waya wa breki ya baiskeli au pikipiki, anaufunga kwenye mti mchanga aliouinamisha, kisha anakilaza kitanzi juu ya njia ya funo, swala mdogo wa msituni. Paka naye hupita humo humo. Akinaswa huvuta, na kila anapovuta waya unazidi kukaza. Katika Hifadhi ya Kibale, Uganda, wapo sokwe wengi waliopoteza vidole au kiganja kizima kwa mitego isiyowalenga, nao wana mikono ya kuhangaika na waya. Paka hana.

Kwa sababu hiyo napenda njia ya Badru Mugerwa, Mganda aliyeanzisha mradi wa uhifadhi wa Embaka kule Bwindi, msitu wa kusini-magharibi mwa Uganda. Familia zilizokuwa zikitegemea uwindaji hupewa nguruwe wa kufuga, na pia huduma ya meno. Ndiyo, meno! Mtu anayeumwa jino na hana daktari karibu huithamini kuliko semina kumi za uhifadhi.

“Chui akitoweka, mdogo wake atapumua.”

Kuna chembe ya ukweli hapa. Chui humuua paka-dhahabu, na mabaki yake yamekutwa kwenye kinyesi cha chui. Bwindi chui walishatoweka, lakini paka-dhahabu bado wapo. Tatizo ni kwamba kilichomwondoa chui hakiishii kwake.

Utafiti wa msitu wa Ituri, Kongo, uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa windo la chui lina wastani wa kilo 25 hivi, na la paka-dhahabu kilo moja na nusu kasoro. Yaani chui anataka funo wakubwa, nguruwe mwitu na nyani, nyama zile zile zinazotafutwa sokoni. Binadamu akizimaliza, chui anakosa chakula hata kama hakuna aliyemgusa. Paka-dhahabu ataendelea kupata panya wake, na njaa haimfikii upesi. Kinachomfikia yeye ni waya. Uwindaji ni ule ule, unawamaliza kwa njia mbili.

“Kuku wakipotea, ni paka-dhahabu.”

Mara nyingine ni kweli. Lakini ukingoni mwa msitu wezi wa kuku ni wengi: nguchiro, kanu, fungo. Banda imara linalofungwa kabla giza halijaingia huwazuia karibu wote, bila kujali nani alikuja jana.