Wasiwasi wa afya si kujifanya mgonjwa

Shemeji yangu alinitumia picha ya fomu yake ya bima juzi, kaizungushia duara jekundu sehemu moja tu: F45.2. Chini yake ameandika, "Umeona? Wameniandika najifanya." Huyu ni wa tatu kuniletea lalamiko hilohilo. Na kwa kuwa kazi yangu ni kushinda na mafaili ya wagonjwa, nimeona nilieleze mara moja, liishe.

F45.2 ni namba ya ugonjwa. Inatoka katika toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lile lililopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1990, ambalo limeupa kila ugonjwa herufi na tarakimu zake ili malaria ya Lindi na malaria ya Kisumu ziingie kapu moja wakati wa kuhesabu. Pale dirishani tunaziita "kodi", na yupo mzee aliyewahi kunijibu kwamba yeye hadaiwi kodi, nyumba ni yake. F45.2 yenyewe ni wasiwasi wa afya uliofikia kuwa ugonjwa: mtu ameshikwa na fikra kwamba ana maradhi makubwa mwilini, vipimo vinatoka safi, daktari anamweleza, anatulia siku mbili, fikra inarudi. Vigezo vya utafiti vya toleo hilo vinataka hali hiyo iwe imedumu miezi 6 au zaidi, na mgonjwa awe anautaja kwa jina angalau ugonjwa mmoja anaouhofia.

Hiyo ndiyo maana. Kinachonikera ni neno.

Wataalamu waliuita hipokondria. Ni Kigiriki: hupo ni chini, khondros ni gegedu. Yaani chini ya gegedu la mbavu, pande mbili za chembe cha moyo, ini likiwa kulia na bandama kushoto. Waganga wa kale waliamini nyongo nyeusi, ile iliyodhaniwa kuleta huzuni na hofu, makao yake ni maeneo hayo. Kwa hiyo jina lilianza kama mahali. Mgonjwa alihesabiwa kuwa anaumwa chini ya mbavu, basi. Kejeli ya "huyu hana kitu" ilikuja baadaye sana, huko Ulaya, na sisi tukaipokea pamoja na jina.

Na wala hatukuwa na haja ya kuipokea, kwa sababu neno letu ni zuri kuliko lao. Wasiwasi ni waswas ya Kiarabu: mnong'ono. Anayesoma Surat an-Nas anakutana na mnong'onezaji huyo kila siku. Pwani, mwenye wasiwasi ni yule anayemaliza kutia udhu, anafika mlangoni mwa msikiti, anajiuliza kama maji yalifika kisigino, anarudi bombani. Mara ya pili. Mara ya nne. Si kwamba hajui. Anajua kabisa ameosha, ila mnong'ono haujali anachokijua. Hakuna anayemwambia kwamba anajifanya kutia udhu.

Kiarabu cha leo kinauita ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia al-waswas al-qahri, wasiwasi unaomtenza mtu nguvu. Sasa tazama: toleo la 11 la uainishaji, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeitoa hipokondria kwenye kundi la zamani la malalamiko ya mwili na kuipeleka kwenye kundi hilohilo la fikra za kujirudia, kwa namba 6B23. Mabingwa wa Shirika la Afya Duniani, kule Geneva, wamezunguka wee, mwisho wamemkuta jamaa wa udhu bombani.

Lakini sisi tumelipoza neno. "Ondoa wasiwasi" tunamwambia mtu anayesubiri daladala. Ndiyo maana daktari akisema "una wasiwasi", mgonjwa anasikia "huna kitu", na akitoka nje "huna kitu" imeshageuka kuwa "unajifanya".

Kujifanya kuna namba yake. Ni Z76.5: mtu anayeigiza ugonjwa kwa makusudi, mathalani akwepe kazi au alipwe fidia. Anayejitengenezea dalili bila faida ya aina hiyo, ilimradi awe mgonjwa, naye ana yake, F68.1. Hata aliyekuja na hofu, akapimwa, asikutwe na ugonjwa, ana yake, Z71.1. Daktari akitaka kusema unajifanya, nafasi anayo. Hakuhitaji kuazima F45.2.

Nasi wa upande huu wa dirisha tuna lawama yetu. Faili linaletwa limeandikwa neno moja, "wasiwasi", kisha mtu wa kumbukumbu abahatishe namba, aishie F41.9, yaani wasiwasi usiobainishwa. Namba haiwezi kujua zaidi ya maandishi. Kinachotakiwa ni sentensi tatu tu: anahofia ugonjwa gani, tangu lini, amepimwa nini na majibu yalikuwaje. Ya nne ikipatikana, iseme kama anakimbilia vipimo kila mara au anavikimbia, maana wapo wasiokanyaga hospitali kwa hofu ya kuambiwa. Na iandikwe wazi kwamba mwenye F45.2 akija na dalili mpya apimwe kama mtu mwingine yeyote. Naye ana moyo na mapafu.

Shemeji nilimjibu hivi: "Isome tena. Hapo pameandikwa kwamba hofu imekukamata na inahitaji tiba. Kujifanya hakumo. Fomu usiichane, nenda nayo siku uliyopangiwa."